Neno la Mhariri: Kamera Ilisimama Wapi?

Toleo hili lilizaliwa Jumamosi moja jioni, katika ukumbi mdogo kando ya Barabara ya Ngong, taa zilipowashwa baada ya filamu. Kijana mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, alisimama akasema kwamba Kenya haina filamu za vita kwa sababu Kenya haijawahi kuwa na vita. Watu wengi wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilinyamaza, na kimya changu kimenikera tangu usiku ule. Leo namjibu.

Naishi Jamhuri. Nikishika Barabara ya Ngong kuelekea Karen, nayapita makaburi ya askari wa Vita Vikuu vya Pili, zaidi ya 1,900, yaliyopangwa kwa safu kando ya msitu. Nikigeukia upande wa pili naingia Kibera, ardhi waliyokalishwa askari Wanubi wa King's African Rifles, ambao wajukuu wao wamepigania hati ya ardhi hiyo hiyo kwa miongo mingi. Nikipanda matatu hadi mjini, nakutana na sanamu za askari na wapagazi katika Kenyatta Avenue, na nikiendelea mbele kidogo nafika Kariokor, mtaa uliochukua jina lake kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya vita visivyo vyao. Anayesema hatujawahi kuwa na vita hajauliza mtaa wake uliitwaje, wala kwa nini.

Filamu za vita hivyo nazo tunazo. Shida ni kwamba tumezipanga rafu tofauti. Tukiona vijana wa Ulaya wakikimbia matopeni tunaita filamu ya vita, tunanunua bisi na kukaa. Tukimwona mama wa Wajir akieleza jinsi mumewe alivyochukuliwa alfajiri tunaita dokumentari, tunaitazama kwa unyenyekevu, kisha hatuizungumzi tena. Nasema wazi kwamba mgawanyo huu umetudhuru. Umetufanya tuwe hodari wa kujadili vita vya wengine na mabubu mbele ya vyetu.

Tulipowaomba wasomaji watuandikie maoni yao kuhusu filamu walizotazama karibuni, hatukutaja vita hata kidogo. Walileta vita wenyewe. Waliandika kuhusu 1917, All Quiet on the Western Front ya mwaka 2022, 20 Days in Mariupol na No Other Land. Waliandika vizuri, na ndiyo maana kurasa zimejaa. Lakini karibu wote walishika kipimo kimoja: je, inafanana na ukweli? Mlio wa risasi, rangi ya damu, uzito wa matope. Fundi mzuri wa sinema anaweza kuyatengeneza hayo yote na bado akatudanganya. Mimi naomba tuanze na swali jingine, rahisi kulitamka na gumu kulijibu: kamera ilisimama wapi? Likifuatwa na pacha wake: aliyepigwa picha ana nafasi ya kujibu?

Chukua kamera mbili zilizotutazama kutoka angani.

Ya kwanza ni ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, waliotoa Africa Addio mwaka 1966. Katika filamu hiyo kuna picha za Zanzibar katika siku za Mapinduzi ya Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani. Ni baadhi ya picha chache sana za mwendo tulizo nazo za siku zile, kwa hiyo kila mwenye ndugu kule amewahi kuzitafuta. Unawaona watu wakitembea kwa mistari, unaona nguo nyeupe ardhini. Humwoni mtu. Kutoka kule juu huwezi kujua nani kauawa, kauawa na nani, alikuwa mpangaji au mwenye nyumba, alipigwa kwa sababu ya nasaba yake au kwa sababu alifungua mlango saa mbaya. Watengenezaji wakaziba pengo hilo kwa sauti ya msimulizi inayolidharau bara zima. Waunguja wenyewe, wa pande zote, hawakuulizwa neno. Zaidi ya miaka 60 baadaye watu wanagombana juu ya picha hizo, na wataendelea kugombana, kwa sababu zilipigwa mahali ambapo hakuna sauti ya mtu inayofika.

Ya pili ni Eye in the Sky ya Gavin Hood, iliyotoka mwaka 2015. Wachangiaji watatu wameandika kuihusu kwa sifa tele, na nakiri imeundwa kwa ustadi: mabishano ya sheria na dhamiri kati ya London na Nevada, huku binti mdogo akiuza mkate kando ya nyumba inayolengwa na kombora. Kombora hilo linalengwa Eastleigh, Nairobi. Lakini filamu ilipigwa Afrika Kusini, na Eastleigh yake ina wanamgambo wanaozunguka na bunduki mchana kweupe kana kwamba jiji lina serikali nyingine. Msomaji anayenunua nguo Eastleigh kila mwezi anajua mtaa huo ni soko, ni maduka ghorofa juu ya ghorofa, ni wenye nyumba na wapangaji wanaobishana kuhusu maji. Na anakumbuka kilichotokea mwaka mmoja kabla ya filamu kutoka: Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya wakazi, wengi wao Wasomali, walikamatwa mitaani na majumbani, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Hicho ndicho kisa cha Eastleigh. Kamera ya angani haikukiona, kwa kuwa ilikuja na kisa chake mkononi na kutafuta paa la kukitulia.

Eastleigh ina historia yake na anga pia. Uwanja wa ndege uliopo pale, ambao leo ni kambi ya jeshi la anga, ulikuwa wa jeshi la anga la Uingereza. Kuanzia mwisho wa mwaka 1953, ndege za Lincoln ziliruka kutoka hapo kwenda kudondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wakati wa Hali ya Hatari. Waliokuwa juu waliona miti. Waliokuwa chini ya miti walikuwa na majina. Ndiyo sababu siwezi kumsoma mchangiaji anayesema Eye in the Sky inatuonyesha "vita vya kisasa" nikakubali. Mtaa uliowahi kurusha ndege za kutupiga mabomu umegeuzwa na sinema kuwa mahali pa kupigwa mabomu, na katika safari zote mbili aliyeshika kioo cha kulengea yuko juu.

Kati ya anga na ardhi kuna baraza ya mlowezi, na huko pia kamera ilikaa muda mrefu. Simba ya mwaka 1955 inaanza na Mwingereza anayefika Kenya akakuta kaka yake ameuawa. Something of Value ya mwaka 1957 ilijaribu zaidi, na Sidney Poitier alimpa Mwafrika wake uso na uchungu, lakini macho ya filamu yalibaki pale pale barazani. Raia wa Kizungu waliouawa na Mau Mau katika Hali ya Hatari walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa amri ya mahakama walizidi 1,000, mbali na waliokufa msituni, kambini na vijijini. Kwa hesabu hiyo, kamera iliyotaka kusimama karibu na vita ingekwenda kizuizini. Haikwenda.

Zilizokwenda zilichelewa, na nyingi ni zile tunazoziita dokumentari tu. Judy Kibinge alitoa Scarred: The Anatomy of a Massacre mwaka 2015, kuhusu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, pale wanaume walipokusanywa katika uwanja wa ndege karibu na Wajir, wakanyimwa maji juani, wakapigwa risasi. Siku ile hapakuwa na kamera. Kibinge alifanya lililowezekana miaka 31 baadaye: aliweka kamera mbele ya waliobaki, usawa wa macho yao, akawaacha wazungumze mpaka wanyamaze wenyewe. Mchangiaji mmoja analalamika kwamba filamu hiyo "haina tukio". Ndugu yangu, tukio ni yule mzee anayetafuta neno.

Our Land, Our Freedom ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, ya mwaka 2023, inatembea na Wanjugu Kimathi anapotafuta mabaki ya baba yake, kiongozi wa Mau Mau, na kuwapigania wakongwe wasio na ardhi. Hapa kamera inapanda gari naye, inangoja naye kwenye benchi za ofisi, inazeeka naye. Mama yake, Mukami Kimathi, alifariki Mei mwaka ule ule. Ukitoka kutazama filamu hiyo huwezi tena kusema vita vya msituni viliisha mwaka 1960, kwa maana unamwona binti akiwa bado anavipigana kwa barua na miadi.

Na ipo Blood Parliament. Timu ya BBC Africa Eye ilichambua zaidi ya picha 5,000 ili kueleza nani aliwafyatulia risasi waandamanaji Bungeni tarehe 25 Juni 2024. Picha nyingi hazikupigwa na BBC. Zilipigwa na vijana wenye simu, waliokuwa wanakimbia, wanaanguka, wanainuka na kuendelea kupiga. Tazama zinavyotikisika: huo mtikisiko ndio mahali kamera iliposimama. Filamu ilitoka Aprili 2025, na onyesho lililopangwa Kilimani, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandika, likafutwa; BBC ilisema ni kwa shinikizo la wakuu. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa na kuachiliwa, na BBC ikasema hawakuhusika na filamu hiyo. Watu walisema haidhuru, kila mtu ameitazama kwenye simu. Inadhuru sana. Kwenye simu unatazama peke yako, unakasirika peke yako, unalala. Ukumbini anasimama mama upande wa kulia akisema, "Huyo ni mwanangu," na mwenye maoni tofauti analazimika kuyasema mbele yake. Filamu ya vita hukamilika saa hiyo, na saa hiyo ndiyo tuliyonyimwa.

Yuko mchangiaji kutoka Mwanza ambaye amenipinga kabla sijaandika, nami nampa heshima yake. Anasema ukaribu si ukweli. Anataja Vita vya Kagera, dokumentari ya mwaka 1980 iliyotengenezwa na vyombo vya serikali ya Tanzania: kamera ilikuwa karibu kabisa na wanajeshi, na ikasimulia ushujaa wao tu. Ni kweli. Naongeza mfano wa upande wetu: The Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, ya mwaka 1981, iliyopigwa hapa Kenya, ambamo Joseph Olita, Mkenya, alimwigiza Amin hadi sura hiyo ikamfuata maisha yake yote. Niliitazama utotoni kwa jirani mwenye video, nikakariri mikogo ya dikteta, na sikumkumbuka Mganda hata mmoja aliyekufa ndani yake. Kamera ilimganda Amin. Kwa hiyo namkubalia mwenzangu wa Mwanza kwamba ukaribu hautoshi. Ndiyo maana swali langu lina pacha. Kamera ya karibu isiyompa nafasi aliyepigwa picha kujibu ni mlinzi wa gereza.

Ndani ya toleo hili utapata pia makala juu ya DJ Afro, msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, na vibanda vya video, inayothibitisha kwamba mhakiki wa kwanza wa filamu za vita kwa Kiswahili alikaa mbele ya maikrofoni na si chuoni. Isome kabla ya yangu. Kuna ukurasa kuhusu Watu Wote, filamu fupi iliyotokana na shambulio la basi la Mandera la mwaka 2015. The Battle for Laikipia imepata wahakiki wawili wasioelewana, na nimewaacha wasielewane. Na mmoja wetu, aliyechoka na damu, ameandika kuhusu How to Build a Library na vumbi la maktaba ya McMillan.

Barua iliyofika mwisho ndiyo iliyonikalia moyoni. Aliyeiandika ndiye mdogo kuliko wachangiaji wetu wote, na hakuhakiki filamu yoyote. Anasema ana video ya dakika nne kwenye simu yake, ya tarehe 25 Juni, karibu na City Hall Way. Hajamwonyesha mtu. Picha inatikisika, sauti mbaya, sehemu kubwa ni lami na viatu vya watu. Anauliza kama ina thamani yoyote, maana simu imejaa na anataka kufuta.

Binti yangu, usifute. Ihifadhi mahali pawili. Kisha chukua kalamu uandike saa ngapi ilikuwa, ulikuwa upande gani wa barabara, ulikuwa umeelekea wapi, nani alikuwa kando yako. Andika uliposimama. Siku ukumbi utakapofunguliwa tutaitazama pamoja, na wewe utakuwepo wa kuulizwa.