KODI TULIPE, LAKINI HATI TUPEWE

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Nasikia maneno kwamba sisi mafundi hatupendi kulipa kodi. Leo nayajibu hapa ukutani, kila mtu asome.

Kodi ndiyo inayojenga. Mwaka 2021 serikali ilitoa fedha za madarasa 15,000 nchi nzima, na kazi wakapewa mafundi wa vijijini badala ya makampuni ya mjini. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Mwashi, seremala na mpaka rangi wa hapa hapa wamepata kazi ya umma.

Sasa shida iko wapi? Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Nilipatana ufundi wa darasa moja kwa shilingi 1,200,000. Saidia fundi nikawalipa 700,000. Zikabaki 500,000 za kwangu. Siku ya malipo nikakuta zimekatwa 60,000, yaani kodi ya zuio, asilimia 5. Hiyo asilimia haikukatwa kwenye zile 500,000 zangu, imekatwa kwenye fedha yote, hata ile waliyokula vijana! Na wakati wa kupatana hakuna aliyenitamkia habari hiyo.

Nikasema sawa, sheria ni sheria. Nikaomba hati ya kuonyesha nimekatwa. Nikaambiwa njoo kesho. Kesho hiyo haijafika mpaka leo.

Jamani, hati hiyo si karatasi ya kufungia karanga. Ndiyo ushahidi kwamba kodi yako imekwisha kutolewa. Bila hati, ukienda kukadiriwa unaonekana hujatoa hata senti. Tena viwango vilivyopitishwa mwaka 2019 vilisema mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi 4,000,000 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Wengi wetu hatufiki hapo, lakini tunakatwa.

Jambo la pili ni risiti ya mashine. Fundi mwenye mwiko na kamba ataitoa wapi? Basi wengine wanakwenda kununua risiti kwa mwenye duka mjini. Ndugu zangu, tuache! Risiti ya mtu kwa kazi ambayo hakuifanya ni uongo, na siku ya ukaguzi mwenye duka atakuruka mchana kweupe. Huko ndiko tunakojiharibia wenyewe, halafu tunaitwa wakwepaji.

Na maofisa wa kodi nao wasituone wezi. Wanatufuata baada ya kazi, wakati fedha imeshaliwa. Kwa nini wasije kutufundisha kabla?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kamati ya ujenzi isome habari ya kodi mbele ya fundi kabla hajaweka sahihi, ili apange bei yake akijua. Pili, kila fundi achukue namba ya mlipa kodi na awe na daftari la mapato na matumizi. Tatu, fundi anayekatwa adai hati yake, na ushirika umsaidie kuifuatilia, maana mtu mmoja huzungushwa, lakini kikundi husikilizwa. Nne, ofisa wa kodi aalikwe kwenye mkutano wetu aulizwe maswali.

Asiyetaka kulipa kodi ni mnyonyaji. Lakini anayekata bila kutoa hati naye tumwiteje?

Ni mimi,
Fundi mwashi, mwanachama wa ushirika