Mzigo Uliotoka Ghalani Haujauzwa

Mwaka 1996 kampuni ya TSR ya Marekani ilifanya mauzo ya dola milioni 40. Kufikia katikati ya 1997 ilikuwa mikononi mwa wengine. TSR ndiyo iliyochapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mtu mmoja husimulia safari, wenzake huamua mashujaa wao wafanye nini, na dadu hutoa hukumu. Wapenzi wengi wa mchezo huo humtupia lawama Lorraine Williams, aliyeishika kampuni mwaka 1985, mwasisi wake Gary Gygax akaondolewa kwenye uongozi. Mimi riziki yangu imetokana na kusambaza vitabu Dar es Salaam, na naona lawama hiyo inapita kando ya jambo lenyewe. Kilichoiua TSR ni namna ilivyohesabu mauzo.

Mwanzo wake ulikuwa wa kuheshimika. Gygax alikuwa mtu wa bima aliyepoteza kazi, akawa anatengeneza viatu nyumbani kwake Lake Geneva, Wisconsin. Mwaka 1973 yeye na rafiki yake Don Kaye wakaanzisha kampuni, na mwaka uliofuata wakatoa nakala 1,000 za mchezo alioubuni pamoja na Dave Arneson, wakizipanga kwenye maboksi kwa mikono yao. Bei ilikuwa dola 10. Zikaisha, zikafika mezani kwa wachezaji. Hayo kwangu ndiyo mauzo.

Miaka ya baadaye bidhaa zao ziliingia kwenye maduka ya vitabu kupitia Random House. Kwa mkataba wao, Random House ilitanguliza sehemu ya thamani ya mzigo mara ulipopokelewa, kabla mteja hajagusa kitu. Kisichouzwa kingerudi na fedha zake kudaiwa. Sisi tunaifahamu mali kauli: unachukua, unauza, ndipo unalipa. Ile ya TSR ilikuwa hatari zaidi, kwa sababu fedha zilikuja mbele. Ukibanwa na madeni, unachapa tena, unapeleka, unapata fedha za kuziba pengo la jana. Kila boksi linalotoka ghalani linaonekana kama faida, kumbe ni mkopo.

Mwaka 1995 walitoa Dragon Dice, mchezo wa dadu za kukusanya. Kwenye maduka ya wapenzi wa michezo ulikwenda vizuri. Wakaharakisha matoleo mengine na kuusukuma kwenye maduka ya vitabu, ambako haukushika. Mwaka 1996 wakatoa riwaya 12 za jalada gumu, wakati kabla ya hapo walizoea moja au mbili kwa mwaka. Wasomaji walikuwa wale wale. Mizigo ikaanza kurudi, na Random House ikadai mamilioni yake. Kampuni iliyowachapia na kuwasafirishia haikulipwa, ikakataa kuendelea na kazi, na sahani za kuchapia zilikuwa kwake. Madeni yakapita dola milioni 30. Desemba hiyo wafanyakazi wapatao 30 wakaachishwa kazi.

Mzigo unaorudi naujua sura yake. Pembe zimekunjika, stika ya duka imeng'ang'ania jalada, na maboksi mengine bado yana gundi ile ile tuliyobandika sisi, hayajafunguliwa kabisa. Mchapishaji mmoja aliwahi kuniomba nipokee mara mbili ya mzigo niliouzoea, ili hesabu zake za Desemba zipendeze benki. Vilikuwa vitabu vya watoto, vizuri kweli. Shule zilipofunguliwa vingi vikarudi, na mwandishi, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshaonyeshwa kwenye karatasi mrabaha ambao hakuupata. Bado naumia nikimkumbuka mzee yule. Kosa halikuwa la kitabu chake.

Walioinunua TSR, Wizards of the Coast, walikuwa na fedha za mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, uliotoka 1993. Mwaka 1999 walifanya utafiti wa kuwauliza wachezaji wenyewe, na mwaka 2000 wakatoa toleo la tatu la Dungeons & Dragons. Mchezo uko hai hadi leo. Haukuwa na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo wachapishaji wetu, na benki zinazowakopesha, naomba jambo moja. Kwenye taarifa ya mauzo iwepo safu ya mizigo iliyorudi, na mwandishi aonyeshwe safu hiyo kabla ya kuahidiwa mrabaha. Kabla sijapokea tani nyingine ya vitabu, nionyesheni ile ya mwaka jana iliishia mikononi mwa nani.