MGONJWA WA AKILI SI MFUNGWA

Ugonjwa wa akili si kosa la jinai. Neno hili ni jepesi kulitamka lakini ni zito kulitimiza, hasa katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa vilivyo mbali na hospitali. Mgonjwa anapochafukwa, jamaa huhangaika, majirani huogopa, na kamba huweza kumfikia kabla ya tabibu.

Hatuwalaumu jamaa. Mzazi aliyekesha akimzuia mwanawe asijidhuru anajua uchungu usiojulikana na watazamaji. Yako maradhi yamwondoleayo mtu uwezo wa kujiamulia, na kumwacha aangamie kwa kisingizio cha uhuru wake si heshima. Lakini kumzuia mtu bila ridhaa yake ni jambo kubwa. Ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 1977 yalinda uhuru wa kila mtu, wala hairuhusu azuiliwe ila kwa utaratibu wa sheria. Mgonjwa wa akili naye yumo katika hao.

Utaratibu huo upo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyoshika mahali pa sheria ya wakoloni, humtenga mgonjwa aingiaye hospitali kwa hiari na yule apelekwaye bila hiari; na kwa huyu wa pili huipa mahakama na tabibu sehemu yao. Basi haifai mgambo, mganga wa kienyeji, wala ndugu mmoja kuamua peke yake.

Wilaya hizi huishi kwa korosho na ufuta. Mwenye mikorosho akiisha kuitwa mwendawazimu, nani atauliza mavuno yake yamekwenda wapi? Neno hilo likiachwa mikononi mwa wagombea urithi litakuwa silaha. Hakimu adaipo ushahidi wa tabibu, silaha hiyo huwa butu.

Tena uko umbali. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, takriban kilomita 1,000 kwa njia ya Dar es Salaam. Aliyepelekwa huko hawezi kutembelewa na nduguze kila wiki. Akipata nafuu, anahitaji mtu wa kusema kwamba amepata nafuu. Kwa hiyo kinga isiishie katika siku ya kupokewa. Kanuni zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1991 zataka chombo kisichopendelea kiangalie upya, kila baada ya muda, kama sababu ya kumzuia mgonjwa ingalipo.

Twawaomba watendaji wa vijiji wafundishwe sheria hii; dawa na wauguzi wa maradhi ya akili wapatikane katika hospitali za wilaya, ili safari ya Dodoma iwe ya wachache; na kila anayezuiliwa aelezwe sababu, akiwa na ndugu au mwanasheria wa kumsemea. Uhuru wa mtu asiyeweza kujitetea ni amana mikononi mwetu sote. Tusiifanyie hiana.