TAA ZA MOTOKAA NA MSHAHARA WA DEREVA



Madereva wa zamani, kabla ya miaka ya 1960, walikijua kile kijiti kilichochomoka kando ya motokaa kama mkono mdogo dereva alipotaka kupinda. Kilipokwama, dereva alitoa mkono wake mwenyewe dirishani, na kila aliyekuwa nyuma alielewa. Siku hizi motokaa zimejaa taa kama nyumba ya arusi, lakini aliye nyuma abaki kubahatisha.

Hatusemi kila kipya ni kibaya. Taa ya breki ya LED huwaka upesi kuliko balbu ya waya, kwa kadiri ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa lori na matatu katika sheria yetu, hizo ni zaidi ya mita 4 za barabara, na mita 4 zatosha kumponya mtu wa boda boda. Kwa hiyo asitokee mtu akasema chama kinapinga maendeleo.

Tunalopinga ni taa kuchorwa kwa urembo. Indiketa imefanywa uzi mwembamba kando ya taa nyeupe kali, hata mwanga wake wamezwa. Nyingine imeshushwa chini kwenye bampa, mahali pa matope. Katika foleni, dereva wa lori aliyeketi juu nyuma yake haioni kabisa. Marekani nako sheria yaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu, rangi ile ile ya breki, ingawa Ulaya na Japani ni lazima iwe ya rangi ya machungwa. Mwaka 2009 serikali ya Marekani yenyewe ilitoa hesabu kwamba motokaa zenye indiketa ya machungwa hugongwa nyuma zikipinda au zikibadili njia mara chache zaidi, kwa kadiri ya asilimia 5. Walijua, wakanyamaza.

Tena kuna taa za mbele ziwakazo zenyewe mchana. Jioni ikiingia, dereva huona mwanga mbele yake na deshibodi inang'aa, naye hudhani taa zote zawaka, kumbe nyuma ni giza tupu. Kanada waliona hatari hiyo, na tangu Septemba 2021 motokaa mpya za huko ni lazima ama ziwashe na taa za nyuma, ama deshibodi ikae giza ili dereva ajue. Sisi twapokea motokaa zilizokwisha tumika ng'ambo, za umri hadi miaka 8. Kosa la mchoraji wa huko tutakaa nalo hata baada ya yeye kulisahau.

Sasa tuje kwenye mfuko. Zamani balbu ilipokufa, utingo alinunua nyingine kwa shilingi chache, akaitia kwa bisibisi, safari ikaendelea. Taa nyingi za LED zimezibwa kwa gundi. Zikifa punje chache tu, fundi hana pa kufungua, na hununuliwa taa nzima kwa maelfu ya shilingi. Hapo ndipo tajiri humwambia dereva, "Gari lilikuwa mikononi mwako," akaukata mshahara. Na askari akisimamisha gari hilo usiku, anayepelekwa mahakamani ni huyo huyo dereva, si aliyeichora taa wala aliyekataa kununua nyingine.

Wanachama wajue: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi aliiharibu kwa makusudi, tena akate kiasi cha haki. Taa iliyokufa yenyewe barabarani si makusudi ya mtu.

Twataka wakaguzi wa motokaa zinazoingia nchini wasitazame tu kama taa yawaka, watazame imekaa wapi na yaonekanaje nyuma ya foleni. Na matajiri, kabla ya kununua magari kumi kwa mpigo, wawaulize madereva na mafundi wao. Huko Ulaya, tangu Januari 2026, wapimao usalama wa motokaa mpya hawatoi alama kamili ikiwa indiketa haina swichi ya kushikwa kwa mkono. Kumbe hata wao wamechoka kutafuta indiketa juu ya kioo.

Wakati huo huo, kila asubuhi kabla gari halijatoka yadi, dereva na utingo walizunguke taa zote zikiwaka. Iliyokufa iandikwe kitabuni pamoja na tarehe, na msimamizi atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa. Aliyekwisha katwa mshahara kwa ajili ya taa na amletee katibu wa tawi karatasi yake ya mshahara mwisho wa mwezi huu.