Kila Mbu na Maji Yake: Kufukia Madimbwi Pekee Hakutoshi

Kila msimu wa mvua unapoanza, wananchi hukumbushwa kufukia madimbwi yanayozunguka makazi yao. Wito huo ni sahihi, lakini unamlenga zaidi mbu mmoja kati ya makundi matatu yanayoeneza maradhi nchini, kwa kuwa kila kundi huchagua maji yake ya kutagia mayai.

Mbu jike wa jamii ya Anopheles, aenezaye malaria, hupendelea maji yaliyotuama: madimbwi ya mvua yanayopigwa na jua, majaruba ya mpunga, mashimo ya kufyatulia tofali na hata nyayo za ng'ombe. Culex, anayehusishwa na matende na mabusha hususan ukanda wa pwani, huvutwa na maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Aedes, mwenezaji wa dengue na chikungunya, hutaga ndani ya vyombo: mapipa, ndoo, matairi, vifuu vya nazi na vyungu vya maua.

Kuyajua mazalia ni nusu ya ushindi. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, chembechembe nyepesi za plastiki zilimwagwa katika vyoo vya shimo vyenye maji. Zilielea na kutanda juu ya maji, hivyo mbu wakakosa pa kutagia na viluilui wakakosa hewa. Hatua hiyo, ikiambatana na dawa za matende kwa wakazi, ilipunguza kwa kiasi kikubwa mbu na maambukizi.

Kwa Aedes kazi ni ngumu zaidi, kwani mazalia yake yamo ndani ya ua wa mwananchi. Mwaka 2019 nchi iliripoti wagonjwa wa dengue zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa jijini Dar es Salaam. Kaya ambayo maji ya bomba huyapata kwa mgao haina budi kuyahifadhi, na pipa lisilo na mfuniko ndilo analolitafuta mbu huyo. Aidha, mayai yake hugandishwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga maji bila kusugua chombo huyaacha mayai yakisubiri maji mapya.

Mpaka huo wa mazalia sasa unatishiwa na Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, anayezaliana katika matangi na mapipa ya mijini. Aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, nchi iliyokuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria mwaka huo. Kufikia mwaka 2020 waliripotiwa zaidi ya 73,000. Mwaka 2023 jirani zetu Kenya walitangaza kumbaini Marsabit.

Viuadudu vinavyozalishwa na kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, huziwezesha halmashauri kuangamiza viluilui kwenye mabwawa na mitaro. Hata hivyo, hakuna halmashauri inayoweza kufunika kila pipa. Jukumu hilo ni la kaya: kufunika vyombo vya maji, kuvisugua kila wiki kabla viluilui hawajawa mbu kamili, na kuondoa matairi na makopo yanayokinga mvua.