Amani ya moyo haipatikani kwa mkesha mmoja

Wapo wahubiri, Mbarara na hata ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanaomwahidi mtu aliyeelemewa na mawazo kwamba usiku mmoja wa maombi utamaliza yote. Asipopona huambiwa imani yake ni haba. Hili limenisumbua kwa muda mrefu, na leo naomba tulizungumze.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mkristo, na mikesha nakwenda. Lakini mzigo uliojengeka kwa miaka haushushwi kwa usiku mmoja. Unashushwa kidogo kidogo, kwa mazoea madogo ambayo mtu anaweza kuyashika hata siku asiyokuwa na nguvu.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwaka 1958: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wapo waliokwisha kurudi makwao na kukuta shamba lina mwenyewe mwingine. Wafanyabiashara wa mpakani nao wana yao. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, hadi ukafunguliwa tena Januari 31, 2022, kuna walioona mtaji wa miaka ukiyeyuka. Mtu wa namna hiyo hakosi usingizi kwa sababu ana dhambi kuliko jirani yake.

Tumkumbuke nabii Eliya. Naye alikuwa mkimbizi, akimkimbia Yezebeli, akalala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumpigia mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Safari ya siku 40 kwenda Horebu ilikuja baadaye. Kama Mungu alianza na usingizi na chakula, sisi ni nani tuanze na kufunga siku saba?

Utafiti nao unaelekea huko huko. Hapo hapo Nakivale wataalamu waliwafundisha wakimbizi wa kawaida, kwa wiki sita tu, namna ya kuwasaidia wenzao wenye maradhi ya kiwewe. Watu 277, Wanyarwanda na Wasomali, walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya walioketi vikao sita wakisimulia maisha yao kwa utaratibu, asilimia 70 hawakuwa tena na maradhi hayo walipopimwa baadaye. Kwa wasiopata tiba ilikuwa asilimia 37.

Huko Masaka na Rakai, njia ya kwenda Mutukula, watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi vidogo vilivyokutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Waliobaki na sonona ni asilimia 6.5, katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Huo haukuwa muujiza wa usiku mmoja. Ilikuwa siku ile ile, saa ile ile, watu wale wale, wiki baada ya wiki.

Kanisa halihitaji kwenda mbali kuutafuta utaratibu huu. Walokole, tangu uamsho wa miaka ya 1930 ulioanzia Rwanda na kuenea Uganda, walikutana katika vikundi na kuambiana waziwazi yaliyowalemea. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo. Tatizo ni kwamba mikutano yetu mingi imegeuka ya michango na matangazo, na hakuna anayemuuliza mwenzake: umelalaje wiki hii?

Kwa hiyo napendekeza mambo machache. Lala na uamke kwa saa zile zile, inapowezekana. Omba kwa maneno machache, lakini kila siku. Sala fupi inayodumu ni bora kuliko ndefu inayoachwa Jumatano. Mfanyabiashara, pumzika siku moja kwa wiki, maana hata Muumba alipumzika. Tafuteni watu watatu au wanne mnaoaminiana, mkutane siku maalumu, na yanayosemwa hapo yabaki hapo. Na unayetumia dawa, usiziache kwa sababu umeombewa. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina wodi ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si kumkana Kristo.

Wewe unayejiandaa kurudi nyumbani, usifungashe magodoro na sufuria tu. Chukua barua ya kanisa lako, ili huko uendako upokewe na watu wa kuketi nao. Chukua cheti cha hospitali chenye majina ya dawa zako. Mazoea mema nayo ni mzigo unaovuka Kikagati, Mutukula au Bunagana bila kulipiwa ushuru.

Hata hivyo, mazoea hayajazi sufuria. Mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020, na hakuna kikundi cha maombi kinachowaondolea wahusika wajibu wa kumlisha mwenye njaa. Malaika wa Eliya alilijua hilo kabla yetu.

Nawaomba wachungaji wetu waanze na jambo moja dogo. Mtu akija analia, wasimpangie mfungo kabla ya kumuuliza kama amekula, na kama jana usiku alilala. Baada ya hapo waombe naye, na wiki ijayo wamuulize tena.