Mkulima wa Ughaibuni, Acha Kutuma Pesa Zisizo na Jina

Meseji huingia saa mbaya. Uko lindoni Doha, au unatoka zamu ya usiku hospitalini kule Texas, na simu inatetemeka mfukoni: "Chakula cha nguruwe kimeisha, na ng'ombe mmoja halali vizuri. Tuma elfu kumi na tano, weka na ya kutolea." Unatuma. Wiki mbili baadaye inakuja nyingine. Mwaka ukiisha unapiga hesabu kichwani, unaona pesa ulizotuma zingetosha kununua ploti. Ukiuliza nguruwe wamebaki wangapi, unajibiwa, "Wapo, wanaendelea poa."

Sisi tunaokaa upande huu wa simu tunakijua kilio hiki. Wengine hutupigia wakitaka kujua kama tunaweza kurudisha pesa walizomtumia ndugu yao mwaka jana. Hatuwezi. Walizituma wenyewe, kwa nambari sahihi, kwa mtu waliyemtaka. Tunachoweza kufanya ni kusema wazi maoni yetu, hata kama si wote watayapenda: umbali hauui mashamba haya. Kinachoyaua ni pesa zisizo na jina.

Suala hili si dogo. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Sehemu ya pesa hizo huenda kwa karo na hospitali. Sehemu nyingine huenda kwenye ndoto: nguruwe wanne, ng'ombe wawili, banda la mabati, ili siku ya kurudi nyumbani mtu apate pa kuanzia. Ndoto hiyo ndiyo tunayoitetea hapa.

Pesa ikiingia kwa simu ya mtu haina alama

Fikiria elfu kumi na tano imeingia kwenye simu ya kaka yako. Ndani ya simu hiyo kuna pia pesa zake za boda, salio la chama, na deni la dukani. Ya nguruwe haina rangi yake. Jumanne mama anaugua, na chakula cha mifugo kilikuwa kinunuliwe Jumatano. Wewe ungekuwa yeye, ungefanya nini? Ungempeleka mama hospitali. Jumatano nguruwe wanakula nusu, na Ijumaa kaka anaona haya kukueleza. Basi inaandikwa meseji nyingine, na safari hii ndani yake kuna ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuona.

Hapo hakuna mwizi. Kuna mtu aliyepewa mfuko mmoja wa kubeba mambo kumi. Lakini wewe uliye mbali huoni hayo; unaona tu pesa zikienda na nguruwe wakikonda. Unaanza kumshuku. Unamuuliza jirani kisirisiri. Jirani anasema neno, neno linafika nyumbani, na Krismasi hiyo hamsalimiani. Pesa zisizo na jina humgeuza ndugu kuwa mshukiwa. Tunaamini hasara hiyo ni kubwa kuliko ya chakula.

Lipa duka, usimlipe ndugu alipe duka

Dawa yake si ngumu. Duka la agroveti lina nambari ya till. Ukiwa na laini yako ya Kenya iliyo hai, au huduma ya kutuma pesa inayolipa moja kwa moja kwenye till, lipa duka wewe mwenyewe. Mwambie kaka achague bidhaa, mwenye duka akupe bei, ulipe, na kaka achukue mzigo. Jina la duka litatokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo, lisome. Likiwa jina la mtu usiyemjua badala ya duka, simama na upige simu kwanza. Usipige nambari iliyokuja kwenye meseji. Piga ile uliyonayo siku zote, kwa sababu matapeli nao wamejifunza kuandika "chakula kimeisha."

Faida ya pili ni kwamba sasa unaweza kupiga hesabu. Nguruwe jike mwenye mimba hula kama kilo 2 na nusu kwa siku. Majike wawili ni kilo 5, yaani kilo 150 kwa mwezi: magunia mawili ya kilo 70 na kidogo juu. Mwezi ambao risiti zinaonyesha magunia matano, una swali la haki la kuuliza. Na jibu laweza kuwa la haki pia: jike anayenyonyesha hula mara mbili ya hapo au zaidi, na watoto wakishaanza kula, gunia huisha mbio. Muhimu ni kwamba mnazungumza juu ya magunia, hamzungumzi juu ya tabia ya mtu.

Stetimenti ya mwezi, ukiisoma na kaka yako kwa simu, ni daftari la shamba ambalo hakuna aliyelazimika kuliandika.

Maziwa yalishe nguruwe

Wengi huanza na nguruwe na ng'ombe pamoja bila kujua kwa nini mchanganyiko huo ni mzuri. Uzuri wake uko kwenye kalenda. Mimba ya nguruwe ni siku 114, miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kama wafugaji wanavyoikariri. Halafu watoto huhitaji karibu miezi sita kufikia uzito wa soko. Kuanzia kupandishwa hadi kuuza ni karibu miezi kumi ya kutoa bila kuingiza. Kisha pesa zinakuja zote kwa siku moja.

Ng'ombe wa maziwa hafanyi hivyo. Maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni, na ushirika hulipa kila mwezi. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: fungua laini moja ya shamba, pesa za maziwa ziingie humo, na matumizi ya kila siku yatoke humo. Hakikisha ng'ombe wako wawili hawazai mwezi mmoja. Ng'ombe hupumzishwa kukamuliwa karibu miezi miwili kabla ya kuzaa. Wote wakipumzika pamoja, shamba linakuwa halina mshahara, na meseji za "tuma" zinarudi.

Shamba ambalo maziwa yake hayawezi kununua hata nusu ya chakula cha nguruwe lina nguruwe wengi kuliko uwezo wake. Kuuza wawili mapema si kushindwa. Ni afadhali wanne walioshiba kuliko wanane wenye mbavu.

Lakini usibane mpaka mnyama afe

Kuna wanaosoma haya na kufurahi: sasa nitaidhinisha kila shilingi. Tunawaomba wasifanye hivyo. Tumesema lipa duka. Hatujasema mfunge ndugu mikono.

Ng'ombe akionyesha joto, saa za kumpandisha ni chache. Akionekana asubuhi, mtaalamu wa mbegu anafaa kufika jioni ile. Ukikosa, utasubiri siku 21 nyingine, na siku zote hizo anakula. Sasa, saa kumi na mbili asubuhi Nyeri ni usiku wa jana kule Texas, na wewe huenda uko zamu na simu imefungiwa kwenye kabati. Ndigana kali haikungojei umalize kazi. Ng'ombe wa kigeni akishikwa na homa hiyo ya kupe, kuchelewa siku mbili au tatu kunaweza kuwa mwisho wake. Jike wa nguruwe anayezaa usiku huku mtoto amekwama hangoji kabisa.

Kwa hiyo weka pesa za dharura kwenye laini ya shamba, kiasi mlichokubaliana, cha kumlipa daktari wa mifugo na nauli yake. Kaka atumie kwanza, aeleze baadaye. Daktari pia ana simu; amlipe kwa simu ili jina na tarehe vibaki. Dharura ikitumika, unajaza tena. Usimuulize maswali kumi kwa ajili ya elfu mbili iliyookoa ng'ombe. Ukifanya hivyo mara moja, mara ya pili atangoja ruhusa yako, na mnyama atakufa akingoja.

Asiyelipwa hujilipa

Kijana wa kazi naye alipwe kwa simu yake mwenyewe, tarehe ileile kila mwezi. Mshahara ukipitia mikono miwili hufika umechelewa au umekatwa, na mfanyakazi asiyelipwa hujilipa: lita moja ya maziwa leo, kilo mbili za chakula kesho. Utamwita mwizi, lakini wewe ndiwe uliyemfungulia mlango.

Na kaka yako je? Hapa ndipo tunapojua tutawaudhi wengi. Ukimwachia ndugu shamba alisimamie bure "kwa sababu ni letu," umemwajiri bila mshahara. Yeye ndiye anayeamka usiku nguruwe akizaa. Mpe posho ya mwezi inayojulikana, au sehemu ya mauzo, na iende kwenye simu yake kwa jina lake. Hiyo aitumie apendavyo, hata mkiwa na mama mgonjwa. Pesa za shamba zibaki za shamba. Tumeona kwamba watu wakishatenganisha mambo haya mawili, hata salamu zinarudi.

Siku ya kuuza

Siku hatari kuliko zote ni ile dalali anapofika na gari. Mambo matatu yafanyike kabla lango halijafunguliwa: nguruwe wapimwe uzito, kibali cha kusafirisha mifugo kiwepo, na pesa ziwe zimeingia. Kuingia maana yake ni salio lako kuongezeka. Meseji ya kuonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi si malipo, na meseji iliyofika kwako kutoka nambari ya kawaida si malipo. Angalia salio. Mnunuzi mkweli hataudhika kungoja dakika mbili.

Kisha kuna siku ambayo tunatumaini haitafika: habari zinaenea kwamba kuna homa ya nguruwe kijiji cha pili. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya, mwaka 1921, na hadi leo mfugaji wetu hana tiba ya kununua dukani. Haumwambukizi binadamu, lakini unaweza kumaliza banda zima. Jaribu kubwa ni kumpigia kaka na kusema, "Uza wote leo." Tafadhali usiseme hivyo. Gari linalobeba nguruwe wagonjwa ndilo linalopeleka ugonjwa kwa jirani, na kesho jirani ndiye atakayekuuzia mbegu. Mwite afisa wa mifugo wa kaunti. Funga banda, zuia madalali wanaozunguka boma hadi boma, weka dawa ya kukanyagia viatu mlangoni, na usilishe makombo ya hoteli. Pesa za dharura ziko kwa ajili ya siku kama hiyo.

Laini yako si ufunguo wa kuachia watu

Mwisho, jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wengi wakisafiri huacha laini yao nyumbani pamoja na nambari ya siri, "ili wasisumbuke." Ndugu yangu, hapo umeacha sahihi yako mezani. Mkopo ukichukuliwa kwa laini hiyo ni wako. Pesa zikitoka, kwa rekodi zetu umezitoa wewe. Safiri na laini yako. Laini ya shamba isajiliwe kwa jina la anayeishika, kwa kitambulisho chake, na ibaki na pesa za mwezi tu. Nambari ya siri ni ya mtu mmoja, hata kama ni kaka, hata kama ni mke.

Tunajua kuna atakayesema kwamba haya yote ni kutoaminiana, kwamba wazazi wetu walifuga bila till wala stetimenti. Ni kweli, lakini walifuga wakiwa pale. Waliona gunia likipungua kwa macho yao. Wewe macho yako yako mbali, na risiti ndiyo inayokuonea. Mwaminifu hapotezi chochote risiti ikiwepo. Siku atakaposhukiwa, itamtetea.

Anza na gunia la mwezi huu. Kabla hujatuma, mpigie kaka umwambie, "Safari hii nipe nambari ya duka." Akikuuliza kwa nini, mwambie ukweli: kwa sababu unataka siku ukirudi mkae pamoja mbele ya banda, mhesabu nguruwe, na msiwe na lingine la kuhesabiana.